Muulize Anti: Kocha, nimwambie mteja cha kufanya au ninyamaze?

Shikamoo Anti. Mimi ni mdada wa miaka 34 niko Tabata, nilifanya kazi benki miaka minane nikaacha, mwaka jana nikasoma kozi ya ukocha wa maisha kwa mtandao nikapata cheti, sahivi nina wateja kumi na moja, wengi wanawake wenye biashara zao ndogo ndogo na wachache walioajiriwa. Kwenye kozi tulifundishwa kocha hatoi ushauri, kocha anauliza maswali, majibu anayo mteja mwenyewe. Basi nikafuata hivyo hivyo. Mwezi wa pili tu, kuna mama wa Kinyerezi anauza vitenge, kikao cha tatu akaniangalia akasema "mwanangu nimekulipa elfu hamsini, mimi nauliza na wewe unauliza, sasa nani anajibu?" Akachukua pochi yake akaondoka, hajarudi mpaka leo. Nikajisemea labda haya mambo ya wazungu kwetu hayaendi. Mteja aliyefuata nikabadilika, ni dada wa ofisini bosi wake anamnyanyasa, nikamwambia acha kazi, andika barua leo leo. Akaandika kweli Anti. Sahivi ana mwezi wa nne yuko nyumbani na ananipigia kila siku, yani kila siku, mara kocha nipake sebule rangi gani, juzi kaniuliza kama amrudishe dada wa kazi kwao Singida. Nikiona namba yake moyo unaruka. Swali langu, mteja nimuelekeze kwa kiasi gani? Maana nikiuliza wanakimbia, nikiwaambia wananing'ang'ania.

Kocha Aliyechanganyikiwa, Tabata

Marahaba mwanangu. Nimecheka hapo kwa mama wa vitenge mpaka chai imenimwagikia, nisamehe, ila huyo mama alikua na haki yake.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Mtanzania ukimtajia kocha anaona mtu kasimama pembeni ya uwanja, jasho linamtoka, anapiga kelele "rudi nyuma! rudi nyuma we!" na chupa ya maji anaipiga teke. Ndo kocha anayemjua. Na nje ya mpira, watu tuliokua tunawaendea na shida zetu toka zamani wote walikua watu wa kusema. Kungwi hamuulizi mwali "wewe unaonaje", anamwambia, anamuimbia, anamfinya kidogo ikibidi. Mganga ukienda anakwambia leta kuku mweusi, basi unaenda kutafuta kuku mweusi. Mjomba kwenye kikao cha ukoo ndo usiseme. Sasa mtu katoka Kinyerezi na daladala mbili, kalipa hela yake, kakaa kwenye kiti chako, hujamueleza chochote afu unaanza kumrudishia maswali, lazima aone anaibiwa. Kosa lako la kwanza lilikua hapo, kabla hata ya swali la kwanza, hukumwambia mchezo wenu unachezwaje. Dakika tano tu zinatosha: "mama, mimi kuna mambo nitakwambia moja kwa moja, na kuna mambo hata ukinibana sitakwambia, na nitakwambia kwa nini."

Afu hilo la mambo ya wazungu, subiri kwanza. Huu ukocha wa kuuliza sehemu kubwa ulitokea uwanjani, watu wengi hawajui. Kulikua na mwalimu wa tenisi California anaitwa Timothy Gallwey, mwanzoni mwa miaka ya 70 akaona kila anavyozidi kumwelekeza mwanafunzi, kunja goti, geuza bega, legeza kiganja, ndo mwanafunzi anavyozidi kukakamaa kama mti. Akajaribu kitu kingine. Mpira ukigusa chini mwanafunzi aseme kwa sauti umedunda, raketi ikiugonga aseme nimepiga, basi, hakuna cha goti wala bega. Watu wakaanza kupiga mipira vizuri, mana akili imeshughulishwa na mpira na imeacha kujitukana. Kitabu chake kikatoka 1974. Baadae Muingereza mmoja John Whitmore, huyo alikua dereva wa mbio za magari na bingwa wa Ulaya mwaka 1965, akayachukua hayo akayapeleka kwenye makampuni, na kitabu chake cha 1992 ndo kimesambaza zile herufi nne GROW ambazo nina hakika umefundishwa, unataka nini, hali yako sahivi ikoje, njia gani zipo, na utafanya nini.

Sasa angalia vizuri alichofanya Gallwey. Alitoa amri bwana! Alimwambia mwanafunzi sema hiki mpira ukidunda, sema kile ukipiga. Alichoamrisha ni wapi pa kuangalia, mkono upigeje hakugusa. Wengi mliosoma kozi za haraka haraka mmebeba nusu ya habari, mmeshika "usimwambie mteja" mkaacha huku kwingine. Kwenye namna ya kuendesha kikao kuwa mkali kabisa mwanangu, hakuna mtu atakulaumu. Mteja kaanza kwa kusema biashara imekwama, dakika ya ishirini yuko kwenye stori ya harusi ya wifi yake, mrudishe. Wiki iliyopita alisema ataongea na mumewe kuhusu hela za mauzo, leo kaja anazungumzia mambo ya lebo na vifungashio, muulize hapo hapo "ulisema utaongea na baba watoto, umeongea?" na usihamie kwenye lebo mpaka ajibu. Hiyo ni kumuelekeza, na ndo kazi uliyolipwa.

Kwenye uamuzi wa mteja mwenyewe ndo sasa tunyooshe mikono juu. Hapa nikwambie ya kwangu, mana na mimi sio malaika.

Mimi nilianza hizi kazi za kushauri watu baada ya miaka mingi ya kushughulikia mambo ya watumishi ofisini, kwa hiyo mdomo nilikua nao. Nikapata mteja ana saluni, inaenda vizuri, anataka kufungua ya pili. Kikao cha pili akaja na hesabu zake kwenye kaunta buku, mwandiko mzuri, mauzo kila siku. Mimi nikapitisha macho nikaona huyu ameiva, nikamwambia chukua fremu Sinza, usisubiri, location ndo hiyo. Akachukua, kodi ya miezi sita mbele, akaweka vioo, akaweka masinki. Baada ya miezi mitano akarudi. Hakunigombeza. Alikaa akawa anazungusha kifuniko cha soda kwa kidole pale mezani, kinazunguka, kinalala, anakizungusha tena, afu akasema "Anti si uliniambia." Maneno matatu tu. Saluni ya kwanza imekufa mana yeye mwenyewe alihamia Sinza, na mdogo wake aliyemuachia ile ya mwanzo hawaelewani, na kumbe alishanigusia. Siku ile ya kaunta buku alisema "ila mdogo wangu sijui" afu akanyamaza sekunde kadhaa, na mimi badala ya kungoja nikaendelea na habari za Sinza. Jibu lilikua limeshafika mlangoni, nikalifungia nje kwa maneno yangu.

Kwa hiyo sikwambii usiseme. Nakwambia kabla hujasema jiulize hiki kitu nakijua mimi au anakijua yeye peke yake. Ukubwa wa saluni nilikua nauona. Mdogo mtu nilikua simuoni.

Mama wako wa vitenge aliuliza nini hasa? Hukuniandikia, ila nina wasiwasi aliuliza kitu chenye jibu. Mtu akikuuliza TIN inapatikana wapi na ni shilingi ngapi, usimwambie "wewe unahisi ni wapi", huo ni ukatili. Mwambie TRA, na ni bure, anayekudai hela ni kishoka. Akiuliza mkopo usio na riba unapatikana wapi, mwambie halmashauri wana ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, yani 4-4-2 kama fomesheni ya mpira, mnaenda kama kikundi, aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake. Hivyo ni vitu vya kujua tu, ukivificha ili uonekane kocha wa kisomi unamuumiza mtu. Ila akiuliza "sasa nichukue mkopo au nisichukue", hapo funga mdomo mwanangu, hata kama jibu unaliona linang'aa.

Wenzetu wa ushauri nasaha wa ukimwi walilijua hili zamani. Nyie mlikua wadogo, ila sisi tuliopita kwenye vile vituo vya Angaza vya kupima virusi miaka ya 2000 tunakumbuka. Mshauri wa pale akikuelezea virusi vinaambukizwaje alikua ananyooka kama rula, hakuna cha "unadhani vinaambukizwaje" mara kumi. Lakini ukimuuliza nimwambie mume wangu lini, nimwambieje, hakukupangia. Alikua anakusaidia uone ukimwambia itakuaje na usipomwambia itakuaje, kisha anangoja. Sasa hao walikua na watu wanaotetemeka mbele yao, wewe una mtu wa vitenge, utashindwaje.

Nikupe na ujanja mmoja nilioupata kwa watu wanaosaidia walevi. William Miller wa Marekani aliandika kuhusu hili toka 1983, baadae akashirikiana na Stephen Rollnick, wakaona kwamba mtu aliye njia panda ukimsukuma kulia yeye anaanza kutetea kushoto. Huyu mtu ndani yake kuna sauti mbili, ukichukua moja wewe, yeye anabaki na ile nyingine, na anavyozidi kuisema ndo anavyozidi kuiamini. Umeona hata nyumbani, ukimwambia mdogo wako huyo bwana hakufai, ndo kwanza anaanza kukuhesabia mazuri yake. Kwa hiyo ukiwa na kitu cha kumwambia mteja, uliza kwanza anajua nini, omba ruhusa, sema kwa kifupi, afu mrudishie. Kwa mfano juzi juzi nilikua na mama mmoja ana mikopo mitatu ya kausha damu, marejesho kila wiki, anataka wa nne alipie wa kwanza.

Nikamuuliza, "huu wa nne unavyouelewa wewe, mpaka uishe utakua umelipa jumla ngapi?" Akasema hajapiga. "Nikuoneshe ninavyopiga mimi?" Akasema nioneshe Anti. Nikachukua kalamu nikamuandikia marejesho ya wiki mara idadi ya wiki, na ada ya fomu, nikajumlisha, nikamsogezea karatasi. "Ukiiangalia hiyo unaonaje?" Nikanyamaza. Jamani kile kimya! Feni inapiga kelele juu, yeye anaangalia karatasi, mimi nahesabu kimoyomoyo, nikafika ishirini na kitu. Akasema "kumbe nawafanyia kazi wao." Mimi hilo neno sikulisema, na ningelisema ningekua nimemsimanga. Baada ya hapo ndo tukaanza kuongea habari ya kwenda kukaa na wale wa mkopo wa kwanza ajue watampangiaje upya.

Na hicho kimya ndo kinawashinda makocha wengi wapya, nadhani na wewe kinakushinda. Ukilipwa elfu hamsini unajiona kila dakika inabidi utoe kitu, kama konda anayehofia abiria atashuka. Mtu akinyamaza unaona hela yake inapotea, unajaza maneno. Mwache. Anakula chakula chake huyo, usimlishe.

Tuje kwa huyu dada wa kila siku. Hapa utanisamehe lakini umechemka. Sio kwa sababu kuacha kazi ni vibaya, pengine ndo ilikua sawa kabisa, ila ulimwambia andika barua leo leo na mambo ya kujua hukumpa. Kwa sheria yetu ya ajira ya 2004 anayelipwa kwa mwezi notisi yake sio chini ya siku 28 kama ameshapita mwezi wa kwanza kazini. Ulimwambia hilo? Ulimwambia aende NSSF akaulize akiacha mwenyewe anapata nini na akiachishwa anapata nini, kabla barua haijafika mezani kwa bosi? Kuna njia ya kulalamika kuhusu manyanyaso, kuna CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mambo ya kazi, alizijua? Yani ulipotakiwa kusema ulinyamaza, ulipotakiwa kunyamaza ukasema.

Sasa fanya hivi. Mpigie wewe, usingoje apige, mwambie tukutane na hiki kikao sikulipishi. Umwambie kwa mdomo wako, "siku ile nilikuamulia jambo lililokua lako, nilikosea." Utaona aibu, meza. Afu mpangie utaratibu, simu ni siku moja kwa wiki, na akija na swali aje na majibu mawili aliyoyafikiria mwenyewe hata kama ni ya ovyo. Akiuliza rangi ya sebule mwambie mimi sebule yako siijui. Mwanzoni atanuna, mana umemzoesha mwenyewe. Na kama kuna kumsaidia kutafuta kazi, cv na nani wa kumpigia, hapo saidia kwa mikono miwili, mana ulikua benki na watu unawajua.

Kitu cha mwisho kwa upande wako, siku mteja akikwambia anapigwa nyumbani, au anasema anatamani asiwepo duniani, hayo mambo ya GROW weka pembeni siku hiyo. Hapo unasema waziwazi. Kapigwa, kituo cha polisi kuna dawati la jinsia, achukue ile fomu ya polisi ya PF3 aende hospitali, na uende nae kama unaweza. Anataka kujidhuru, usimuache peke yake, tafuta ndugu, mpelekeni hospitali. Nimeshaona kocha ana cheti cha rangi tatu ukutani anamuuliza mtu wa hivyo "na hilo linakupa hisia gani". Nilitamani kumzaba kibao.

Anti, nimelipia kocha wa maisha miezi mitatu, laki nne. Kaniambia nisiongee tena na dada yangu eti ana nishati mbaya, kanichagulia wigi, kaniambia na siku za kupost. Nikimuuliza kwa nini anasema nimuamini tu. Niendelee?

Mrembo, Mbezi

Usiendelee. Wigi tungesamehe, labda ana jicho zuri. Ila mtu anayekutenga na dada yako wa tumbo moja na ukiuliza sababu anakwambia muamini tu, huyo hata mganga wa kijijini kwetu ana afadhali, angalau anakuonesha vibuyu. Mpigie dada yako leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Afu mwandikie huyo kocha kwa ustaarabu kwamba unasitisha na unaomba hela ya muda uliobaki, muandikie kwa meseji usimpigie, ubaki na ushahidi. Akikataa tuandikie tena.

Hujambo Anti. Mimi niko Nakuru, ni supavaiza wa ghala. Bosi alituma email ati kuanzia sasa masupavaiza wote ni makocha, tusiambie watu cha kufanya, tuulize tu. Juzi kijana mgeni alikuwa anapanga paleti kwa forklift, nikaona zinaegemea upande mmoja, nikamuuliza "unaonaje hapo?" Akasema anaona iko sawa. Zikaanguka zote, ilikuwa mafuta ya kupikia. Sasa bosi ananiuliza mbona sikumwambia!

Kocha wa Lazima, Nakuru

Sijambo mwanangu, pole sana na mafuta. Huyo bosi wako kwenye kitabu cha ukocha kasoma ukurasa wa kwanza tu. Wataalamu wa uongozi Hersey na Blanchard kule Marekani walishasema toka 1969 kwamba unavyomuongoza mtu inategemea kazi ile kashaizoea kiasi gani. Mgeni unamwambia, unamuonesha, unasimama nae. Akishaanza kuzoea unaanza kumuuliza kwa nini kafanya hivi. Yule mwenye miaka kumi pale ghalani, huyo ndo umuulize "unaonaje" na ukae kimya, mana pengine ana njia bora kuliko yako na ya bosi. Na kitu kikitaka kumuangukia mtu kichwani hata huyo wa miaka kumi unampigia kelele tu, "toka hapo!", utamuuliza baadae mkiwa mnakunywa chai. Mjibu bosi kwa email hiyo hiyo aliyowatumia, kwa heshima, ukimuuliza je mgeni wa siku ya tatu kwenye forklift naye aulizwe au aambiwe. Muache ajibu mwenyewe.

Afu niambie, hayo mafuta kijana hajakatwa mshahara lakini?